Mwenye Sentensi

Mwaka jana muuguzi alikosa nafasi ya shahada ya uzamili kwa alama moja. Sasa swali la mwisho la mtihani wa kujiunga lilimkodolea macho: "Sanduku la nguo za watoto ___ leo." Limepotea, zimepotea au wamepotea?

Sikio likamwambia "wamepotea." Kalamu ikaanza kushuka. Ndipo akamkumbuka bintiye: "Mama, sikio lako limeharibiwa na kelele za wodi! Funika maneno ya katikati, umtafute mwenye sentensi."

"Dakika moja!" msimamizi akapaza sauti.

Akafunika nguo na watoto kwa kidole gumba. Likabaki sanduku peke yake.

"Kumbe ni wewe!" akaropoka, akatia alama kwenye "limepotea."

"Mama, kimya!" msimamizi akamkemea.

"Nimeshamaliza, baba," akajibu, akaweka kalamu chini.