Matundu Manne kwenye Madigadi

Harlan Stubbe alinyoosha bodi za magari kwa miaka arobaini, na sifa aliyoitaka ilikuwa moja tu: mtu apitishe kiganja juu ya kazi yake asijue palibonyea wapi. Kaka yake Emmett alikuwa akiendesha magari ya filamu pale waigizaji walipoogopa. Alipofariki, aliacha gari moja alilopewa mwisho wa kazi, limechakaa. Harlan alilitengeneza kwa miezi kumi na minne, bila malipo. Lilipotoka gereji likiwa la bluu ya kung'aa, Lavonne, mjane wa Emmett, alilia.

Januari iliyofuata lilikuwa chini ya hema la mnada, mjini Scottsdale, likisubiri kupanda jukwaani saa tisa alasiri. Saa nne asubuhi mkaguzi wa mnada, Ingrid Tolley, alitoka uvunguni mwake, akazima tochi.

"Bwana Stubbe, nani alilitengeneza?"

"Mimi."

"Kazi safi mno."

"Asante."

"Sikukusifu." Akafungua bahasha na kutoa picha kubwa zilizopigwa siku za filamu. "Yaliundwa magari sita yanayofanana. Alilopewa Emmett ni hili lililofungwa kamera kwenye madigadi ya kushoto. Matundu manne, unayaona? La tatu limeshuka kwa upana wa kidole. Kwenye gari lako sioni hata moja."

"Niliyaziba," alisema Harlan. "Madigadi yana matundu, fundi gani atayaacha?"

"Shemeji!" Lavonne alimgeukia. "Uliyaziba?"

"Nilidhani ni uharibifu."

Ingrid alieleza bila kupandisha sauti. Kampuni ya filamu ilikufa na karatasi zake. Bila matundu hakuna ushahidi, na bila ushahidi kadi ya mnada itasema ni gari la kuiga, si lile la filamu. Jina la dereva halitasomwa.

Lavonne aliketi kwenye kiti cha kukunja. Bei itashuka, hilo alilijua, lakini lililomkaa rohoni ni jina. Kwenye filamu yenyewe halikuandikwa, maana mwigizaji mkuu aliwaambia watu wa magazeti kwamba aliendesha mwenyewe. Emmett alicheka tu. Mkewe hakucheka.

"Nipe dakika kumi," Harlan alimwambia mkaguzi. "Drili ninayo kwenye pikapu. Nitayatoboa palepale, na la tatu nitalishusha."

"Toboa. Nami nitaandika yametobolewa leo."

"Shemeji, kaa kimya kabla hujatufunga jela," alisema Lavonne.

Harlan alikunywa kahawa yake mpaka chini, akaitazama ile bluu. Matundu hayakwenda kokote. Alikuwa ameyachomelea chuma, akapaka puti, akapiga msasa, akafunika kwa rangi.

"Nikikuonyesha viraka?" aliuliza.

"Viraka kwa nje, na kingo zake kwa ndani," Ingrid alijibu. "Nikikuta kutu ya zamani na rangi ya siku za filamu, nitapima. Vipimo visipolingana na picha, utakuwa umeharibu rangi bure, na muda wa kupaka tena hakuna."

Harlan alimtazama Lavonne. Lavonne aliitikia kwa kichwa mara moja.

Alipiga magoti na msasa. Rangi ilitoka tabaka baada ya tabaka, vumbi la bluu likamjaa mikononi. Watu walianza kukusanyika. Mmoja mwenye kofia pana alishindwa kujizuia.

"Mzee, mbona unalichuna gari la watu?"

"La marehemu kaka yangu."

"Angekuwepo angekupiga teke."

"Angesema nimechelewa."

Saa nzima ilipita, Harlan hajaona kitu. Alipitisha kiganja, chuma kikawa laini kila mahali. Alikuwa akijitafuta mwenyewe na hajioni, na kwa mara ya kwanza aliulaani mkono wake. Akalowesha kitambaa kwa petroli, akapangusa, akainamisha taa ya mkono hadi mwanga ukatambaa juu ya bati. Pete ya kijivu ikajitokeza, saizi ya sarafu. Kisha ya pili. Ya tatu ilikuwa chini kidogo, kisha ya nne.

Kwa ndani aliikwangua lami nyeusi aliyoipaka. Ingrid aliingiza kichwa, akakaa humo muda mrefu. Alipima, akaandika, akapima tena.

"Manne," alisema. "Yanalingana."

Lavonne aliuliza kama anaweza kuisoma kadi kabla haijaenda kwa dalali. Aliisoma mara mbili, akairudisha.

Saa tisa gari lilisukumwa jukwaani likiwa na eneo la chuma kitupu, pana kama sinia. Dalali alisoma kwa haraka ya madalali: "Liliendeshwa na Emmett Stubbe. Matundu ya kamera yalizibwa baadaye na mdogo wake, Harlan Stubbe, viraka vinaonekana." Midomo ya Lavonne ilimfuata dalali hadi jina la mumewe, ikasimama hapo.

Mikono ilianza kupanda, bei ikapanda nayo. Harlan hakuisikia. Chini ya taa zile, watu elfu mbili waliona alipochomelea, na kiraka cha nne kilikuwa na kinundu. Aliinuka nusu.

"Unakwenda wapi?" Lavonne alimshika mkono wa shati.

"Kile cha nne, dakika moja tu, nikisugue kwa tupa."

"Keti, shemeji."

Akaketi.