Swali la Ieuan

Gwilym Pritchard alikuwa ameezeka nusu ya paa la jumba la Plas Hendre kwa mikono yake, lakini hakuwahi kulala chini yake. Alipostaafu, binti yake Lowri alimlipia siku mbili katika jumba hilo, ambalo siku hizi ni hoteli.

"Baba, vua kofia. Leo wewe ni mgeni, si fundi."

Gwilym akaivua. Lowri hakujua amemrudisha wapi. Miaka arobaini na miwili iliyopita, ngazi aliyoifunga Gwilym iliteleza ukingoni mwa paa, na kaka yake Ieuan akaanguka hadi kwenye changarawe. Gwilym alibaki juu amekumbatia dohani, miguu imemfa ganzi. Walipomteremsha, Ieuan alikwisha kata roho. Tangu hapo aliamini kwamba kaka yake alikufa akimlaani, na nyumbani hakuthubutu kumtaja.

Alasiri walikaa sebuleni kunywa chai kwa mkate wa zabibu kavu, nje mvua ikinyesha. Mama mmoja mwenye mvi alileta birika, akamkazia macho Gwilym.

"Wewe ni wa kwa Pritchard. Pua hiyo haipotei."

"Ni yangu, dada. Sijaiiba."

Mama yule hakucheka. "Mimi Nesta. Nilikuwa mtumishi humu siku alipoanguka Ieuan. Tulimlaza pale, chini ya dirisha."

Lowri akatua kikombe. "Ieuan ndiye nani?"

Gwilym alimgeukia Nesta. "Alisema nini?"

"Aliuliza jambo moja tu, tena na tena: mdogo wangu ameshuka? Nikamwambia umeshuka, uko nje, mzima. Ndipo akatulia. Na wewe ulikuwa bado juu. Uongo ule haujaniacha mpaka leo."

Gwilym aligeuka akalitazama dirisha.

"Usijitese, dada," alisema. "Nilishuka. Nilichelewa tu."

Nesta akamgusa bega, akaenda zake.

"Mbona hukuniambia, Baba?"

"Ningeanzia wapi, mwanangu?"

Akaanzia kwenye kamba ya ngazi, asifiche kitu. Kisha akamweleza jinsi Ieuan, baba yake mkubwa, alivyokuwa: sauti mbovu kanisani ila haimzuii kuimba, hodari wa raga, na supu ya mama yao hainywi mpaka atoe kipande kimoja kimoja cha kitunguu. Lowri akacheka, akajifuta machozi, akamwambia aendelee.