Kilichobaki Baada ya Kuchemka

"Nani ameacha hii kwenye moto?"

Fundi wa maabara alimjua mkosaji kabla swali halijaisha. Alikuwa amekiweka kichupa kwenye kipasha joto kiyeyuke barafu taratibu, dada yake akapiga simu kuhusu homa ya mama, naye hakuangalia kuwa kidude kile kilikuwa bado kwenye joto la kuchemshia.

"Ni mimi, Profesa."

Ndani ya kichupa kulikuwa na utandu mweupe, kama yai la kuchemsha. Protini yote iliyosalia ilikuwa humo. Mwaka mzima walihangaika kuipiga picha wajue umbo lake, nayo ikawagomea, na kila ikigoma lawama zilimwangukia yeye: hasafishi vizuri, ana mkono mzito. Mkataba wake ulikuwa unaisha jioni hiyo, na mpya haukuwa umetajwa.

"Tupa, mama. Basi tena," Profesa alimwambia.

Roho ilimuuma, hakutupa. Alikizungusha kichupa kwenye mashine mpaka uchafu mweupe ukazama, juu yakabaki maji maangavu. Kwa ubishi tu, akachukua matone akayapitisha kwenye jeli, inayotenga protini kwa ukubwa wake, akaitia rangi, akasubiri. Profesa alikaa pembeni amenuna, akijifanya anasoma.

Rangi ilipooshwa, ulibaki mstari mmoja wa buluu, pale pale protini yao inapokaa siku zote.

Profesa alisogea, akavaa miwani, akaivua.

"Haiwezekani. Protini ikichemka umbo linavurugika, inagandamana."

Aliiinamia tena jeli. Aliposema tena, sauti ilikuwa imeshuka.

"Labda hii haina umbo la kuvurugwa. Ni uzi tu, unachezacheza mpaka ukutane na wa kushikana naye, ndipo ujikunje. Na mimi mwaka mzima naitafutia umbo, nakusema wewe!"

Fundi alitaka kucheka, akaogopa machozi yangetangulia.

"Uliichemsha dakika ngapi?"

"Sijui, Profesa. Si nilisahau?"

"Haya, kesho usafishe nyingine, usahau tena. Ila safari hii uangalie saa."

Fundi alivua glovu moja, kisha ya pili, akazitupa kwenye pipa.

"Kesho sina mkataba, Profesa."

Profesa alibaki ameinyanyua jeli kwenye mwanga wa taa, maji ya buluu yakimdondokea viatuni.