Kijito Chahudhuria Warsha

Warsha ya kikundi cha kutetea kijito ilipangwa kuanza saa tatu, kwa hiyo saa nne mweka hazina alikuwa bado anafuta viti. Chumba kilikuwa juu ya duka la misumari. Ukutani walibandika bango lenye nembo ya kiwanda cha ngozi, kubwa kuliko jina la kikundi. Katibu alikuwa akiizaba projekta kofi ili iwake, kijito kilipopanda ngazi, kikabisha hodi na kukaa nyuma, karibu na mlango.

"Karibu. Jiandikishe hapa," alisema mweka hazina. "Posho baada ya chakula."

Kijito kikajiandikisha. Karatasi ikalowa, mweka hazina akaianika dirishani.

Zamani kikundi hakikuwa na chumba. Kilikuwa na mwenyekiti tu, mama aliyeitwa Filimbi, kwa kuwa alipuliza filimbi kila lori la kiwanda lilipokuja kumwaga uchafu, na majirani wakatoka na mafagio, fito na matusi ya kutosha. Kazi iliendeshwa kwa michango: huyu sukari, yule sabuni, asiye na kitu alitoa sauti. Kiwanda kikachoka na malori, kikafukia ardhini bomba la kupeleka uchafu kijitoni. Sasa bomba halisikii filimbi. Ilibidi kumlipa wakili na kupima maji maabara, na maabara hawapokei sukari. Wakatafuta wafadhili. Wa kwanza alitaka picha za watoto wanaocheka. Wa pili alitaka ripoti kwa maneno ambayo hata katibu aliyeyaandika hakuyaelewa. Wote wakaaga. Aliyebaki na mkono wazi ni kiwanda chenyewe, tena bila masharti makubwa: bomba lisitajwe, basi.

Mada ya siku hiyo ilikuwa "Maji ni Uhai". Katikati ya mada, kijito kikanyoosha mkono.

"Lile bomba mtaliziba lini?"

Afisa uhusiano wa kiwanda, mtu wa tabasamu, aliinua miguu kidogo, maana maji yalikuwa yamefika kwenye kamba za viatu.

"Swali zuri sana," alisema katibu. "Ila ratiba inasema maswali ni baada ya chai."

Mara akaingia dobi, wifi yake mwenyekiti, na beseni la mashuka kichwani.

"Nani kanichukulia kijito? Nimeinama kusuuza, nakuta kokoto zinanitazama!"

"Wifi, tuko kwenye kikao."

"Na mimi niko kwenye njaa! Mashuka ya zahanati yanatoka na rangi ya kutu. Wamesema yakitoka hivi tena, kazi wanampa mwingine." Akatua beseni. "Ulikuwa na filimbi, wifi. Umeimeza?"

Watu wakacheka, hata afisa uhusiano.

"Wewe ndiye mwenyekiti," dobi akaendelea. "Sema kiwanda kizibe bomba. Maneno matatu tu, hata mate hayatakukauka."

Mwenyekiti akasimama. Mstari wa mbele alikaa mwenye nyumba, ambaye alijiandikisha kama mshiriki apate posho na kodi kwa safari moja. Kando yake katibu, baba wa mapacha. Mwenyekiti akawaza kwamba chumba kikifungwa, hakuna atakayebaki kukisemea kijito. Akafungua mdomo. Kifuani mwake ikalia filimbi, kwa mbali, kama birika linalokaribia kuchemka. Akakohoa mpaka ikanyamaza.

"Tuunde kamati ndogo," alisema. "Kijito kiwe mjumbe."

Makofi yakapigwa. Afisa uhusiano akapiga ya kwake akiwa bado ameinua miguu.

Wakati wa chai dobi akakifuata kijito. Kilikuwa kimevuta kiti karibu na meza ya vinywaji.

"Mwenzangu, inuka twende nyumbani."

"Nikafanye nini, dada?" Kijito kilikuwa kinafungua chupa ya pili. "Huku angalau wananipa maji safi."

Dobi alijitwisha beseni, akashuka ngazi, akaenda kusuuza mashuka ya zahanati kwenye yale majimaji yaliyokuwa yakitoka bombani, maana ndiyo pekee yaliyobaki yanatiririka.