Gurudumu Linalopita Shambani kwa Abeli

Saa nne kasoro dakika tano asubuhi, Mhoja aliivuta ndoo ya oili chafu kutoka ukingoni mwa barabara, jeki nayo akaisogeza, kisha akarudi kwenye kigoda chake kuendelea kuosha beringi kwa dizeli. Gurudumu lilikuwa karibu kupita. Lilipita saa nne kamili, peke yake, likiwa wima, kwa mwendo wa baiskeli isiyo na haraka. Mama muuza chapati wa mbele ya gereji aliisogeza meza yake nusu hatua. Gurudumu likakata kona, likashika barabara ya Kilosa. Jioni saa kumi lingerudi Mikumi.

Lilikuwa gurudumu la mbele, la kushoto, la gari la mashindano la Alfred. Lilichomoka mwaka jana, mwezi wa tatu, na tangu siku hiyo halijasimama. Wiki za mwanzo watu waliliachia njia kwa sababu ya kilichotokea. Baadaye waliliachia njia kama wanavyoliachia basi.

Pale gereji beringi ilichaguliwa kwa kuzungushwa. Mtu aliitia kwenye kidole kimoja, akaipiga pete ya nje kwa kiganja, na waliosimama wakahesabu kwa sauti. Iliyozunguka muda mrefu kuliko zote ndiyo iliyofungwa. Hivyo zilichaguliwa beringi za malori, za bajaji na za matrekta ya mashamba ya mkonge, na hivyo Alfred alichagua ya gari lake mwaka jana, mbele ya watu wasiopungua ishirini.

Zilikuwa mbili mezani. Moja ilikuwa ya gololi, nyepesi, inang'aa. Nyingine ilikuwa ya vipipa vya chuma vilivyolala kwa mshazari, nzito, imejaa grisi. Alfred aliipiga ya vipipa, ikasimama kabla watu hawajafika tano.

"Bibi huyo, mtafutieni fimbo!" alisema mmoja.

"Imeshiba ugali," alisema mwingine.

Ya gololi walihesabu mpaka themanini na saba, wakapiga makofi.

Mhoja alikuwa amekuja Mikumi miaka sita nyuma kutoka kanda ya ziwa, na kazi yake pale ilikuwa magurudumu tu. Alisema, "Kaka Alfred, chukua hiyo nzito. Inayozunguka sana mkononi ni kavu, tena imelegea ndani. Wewe umeweka matairi mapana, na umeyasukuma nje kwa vyuma. Kwenye kona gari lote litalilalia gurudumu moja. Gololi inagusa padogo kama ncha ya kalamu. Kipipa kinabeba kwa urefu wake wote."

"Fundi, mimi naenda kushindana. Siendi kusaga mahindi."

"Beringi haikupi mbio, kaka. Inakushikia gurudumu."

"Hayo peleka kwenye mkokoteni wa ng'ombe wenu. Funga hii."

Watu walicheka. Mhoja naye alicheka kidogo, kwa sababu ni vigumu kuwa wewe peke yako usiyecheka. Kisha akaifunga beringi ya gololi, akaikaza nati kwa mikono yake mwenyewe.

Siku ya mashindano, Alfred alipofika kwenye kona ya shamba la Abeli, upande wa Zombo, gololi zilikuwa zimeshageuka rangi ya bluu kwa joto. Habu, kitovu cha gurudumu, ikakatika. Gurudumu likaondoka na kipande cha habu na beringi ndani yake, likaacha barabara, likaingia kwenye ufuta. Magdalena, mke wa Abeli, alikuwa anapalilia, ameipa barabara mgongo. Hakuliona. Lilimpiga, likavuka shamba, likarudi barabarani na kuendelea kwenda Kilosa. Alfred alitoka garini bila hata mkwaruzo.

Ripoti ya kamati ya mashindano ilikuwa ukurasa mmoja. Ilisema kwamba marehemu alikuwa barabarani.

Abeli ni mwinjilisti wa kanisa, mtu wa miaka sitini na mitatu. Aliisoma ripoti mara mbili, akaenda kwa kamati Kilosa mjini kuomba libadilishwe neno moja. Hakuomba kingine. Alisema waondoe "barabarani", waandike "shambani". Walimwambia watalishughulikia. Wakati huo watu wa vijiji vya jirani walikuwa wameanza kuwaonya watoto wao wasizubae njiani kama mke wa mwinjilisti. Magdalena alikuwa mtu ambaye hata kuvuka kwenda kisimani alisimama kwanza, akaangalia huku na huku, ndipo akavuka.

Gurudumu lilikuwa na desturi yake. Kila siku, likifika kwenye kona ile, liliacha barabara, likapita ndani ya ufuta kwenye mstari uleule, likapunguza mwendo pale alipokuwa amesimama Magdalena mpaka mtoto anayetambaa angeweza kulipita, kisha likarudi barabarani. Hakuna mche lililowahi kuuvunja.

Mhoja alianza kila siku kwa kuomba kabla hajashika spana. Sala yake ilikuwa fupi. "Bwana, unajua kwamba nilijua." Alisubiri jibu, na kwa kuwa halikuja, alifungua gereji. Mwaka tangu ajali ulipokaribia kuisha aliona kwamba labda jibu lilikuwa linapita mbele yake kila saa nne. Akapanda gari kwenda kwa Abeli.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Mimi ndiye niliyeifunga ile beringi."

Abeli alimtazama mikono. Alikuwa anapepeta mbegu za ufuta kwenye ungo, na hakuuweka chini.

"Ulijua haifai?"

"Nilijua. Nilisema mara moja, wakacheka, nikanyamaza."

"Mara moja," alisema Abeli. Alipepeta tena kwa muda. "Basi twende ukaseme mara ya pili."

Walikwenda Kilosa pamoja. Katibu wa kamati, mwanamke aitwaye Yusrah, aliwasikiliza mpaka mwisho, akapanga kwenda shambani Alhamisi. Alifika na tepu ya kupimia. Alfred alikuja naye, akamwamkia Abeli, na Abeli akaitikia, kwa sababu shikamoo hainyimwi mtu. Abeli aliomba kwa sauti, Yusrah akasema bismillahi, wakasubiri.

Gurudumu lilifika kwa wakati wake. Liliacha barabara, likaingia kwenye ufuta, likapunguza mwendo. Yusrah aliweka jiwe pale, wakapima. Kutoka ukingo wa barabara zilikuwa mita kumi na moja na sentimita arobaini.

"Hapa ndipo alipokuwa," alisema Abeli.

"Naona, baba," alisema Yusrah, akaandika.

Mhoja alisema yote: watu kuhesabu, gololi, grisi, nati. Alisema alijua. Yusrah aliandika na hayo.

"Mmesikia wenyewe," alisema Alfred. "Fundi amefunga kitu anachojua hakifai. Mimi ningejuaje? Mimi ni dereva."

"Nilikwambia, kaka."

"Uliniambia huku unacheka."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Gurudumu lilikuwa limeshafika mwisho wa shamba, linapanda barabarani.

Barua ilikuja baada ya wiki mbili. Yusrah aliileta mwenyewe, akampa Abeli kwa mikono miwili, macho yake yakiwa chini.

"Niliandika nilichokiona, baba. Naomba ulijue hilo."

"Nalijua, mama."

Barua ilimshukuru Abeli kwa ushirikiano. Ilikubali vipimo vyote. Ilisema kwamba, kwa kuwa gurudumu la mashindano limepita mahali hapo kila siku kwa mwaka mzima bila kukatiza, mahali hapo panahesabika kuwa sehemu ya njia ya mashindano. Kwa hiyo ripoti ya awali ilikuwa sahihi na haina haja ya kubadilishwa. Kuhusu beringi, kamati iliwakumbusha madereva wote kuchagua zilizo bora. Siku iliyofuata vijana wawili walikuja wakachomeka vigingi vyeupe vya kuonyesha njia, viwili viwili, katikati ya ufuta.

Wiki hiyohiyo Alfred alileta gari gereji, mashindano ya mwaka huu yakiwa yamebakiza siku kumi. Watu walikusanyika. Mhoja aliweka ile ya vipipa mezani. Alfred hakuigusa.

"Fundi, gurudumu langu la mwaka jana limesimama?"

"Halijasimama."

"Mwaka mzima! Mvua, jua, tope. Mmeshaona beringi ya namna hiyo nyie? Nitafutie kama ileile, zote nne."

Watu walikubaliana naye. Mwenye lori moja alisema hata yeye anaitaka hiyo. Wakaanza kuzizungusha, na moja ikafika tisini na mbili.

"Sifungi," alisema Mhoja.

"Unasemaje?"

"Hiyo inakwenda kwa sababu haikushika kitu. Sifungi, kaka Alfred. Leo sicheki."

Hakuna aliyegombana naye. Alfred alimwita fundi wa gereji ya pili, akaja na spana zake, akazifunga zote nne kabla ya adhuhuri.

Mhoja aliitia ile beringi nzito kwenye mfuko pamoja na kopo la grisi, na kesho yake saa tano alikuwa shambani. Abeli alikuwa katikati ya vigingi, ana jembe. Ufuta ulikuwa umeanza kutoa maua.

"Mzee, linapopunguza mwendo ninaweza kulikamata. Nikilitia hii, litasimama. Likisimama, vigingi havina sababu tena."

"Una hakika litasimama?"

"Hii ikifungwa vizuri inashika. Litasimama."

Abeli aliichukua ile beringi, akaizungusha kwa kidole. Haikufika mbili. Aliipima uzito kwenye kiganja, akamrudishia.

"Siku alipokufa tulikuwa wawili hapa, mimi na yeye. Mimi nilikuwa kule kwenye kichuguu. Mashahidi ni mimi na hilo gurudumu. Mimi nimesema mwaka mzima. Na lenyewe wacha liseme."

"Lakini wanalitumia kusema uongo, mzee."

"Hata Neno la Mungu wanalitumia hivyo, mwanangu, na hatujalifunga."

Mhoja aliweka mfuko chini. Gurudumu lilionekana likija kwenye kona. Abeli alivua kofia. Liliacha barabara, likapita kati ya kigingi na kigingi, na lilipofika kwenye lile jiwe likaenda polepole sana, hata walisikia gololi ndani yake, kavu, zikigongana. Kisha likapanda barabarani, likaenda zake Kilosa.

Abeli alikagua miche kwa macho. Hakuna uliovunjika. Alivaa kofia, akamwonyesha Mhoja jembe la pili lililokuwa limelala ukingoni, lile la Magdalena, na wote wawili wakainama, wakaendelea kupalilia barabara.