Sauti Iliyofundishwa Kusaga

Kabla watu wa Sumbawanga hawajaizoea kompyuta, Hilaria alikuwa ameshaifundisha kuimba. Alianzia chuoni Dar es Salaam, kwenye mashine iliyojaza meza nzima, akailisha namba usiku na mchana mpaka ikatoa "aaa" moja nyembamba kama ya mbu. Walimu walicheka. Yeye alilia kwa furaha. Baada ya hapo alikwenda ughaibuni, akakaa miaka ishirini na minane akitengeneza sauti za kuimba ambazo hazikuwa za mtu yeyote.

Sasa amerudi, amepanga chumba mtaa wa Katandala na kuziba madirisha kwa magodoro ili upepo usiingie kwenye kurekodi. Majirani wanasikia wanawake wakiimba mle ndani, na hawamwoni hata mmoja akitoka. Sumbawanga, kwa sifa zake za uchawi, si mji wa kufanyia watu mzaha wa namna hiyo! Wengine siku hizi wanapitia barabara ya nyuma.

Lakini hakurudi kwa ajili ya majirani. Alirudi kwa ajili ya masikio ya mama yake. Mama Silvana, mkulima wa kijiji cha Msanzi, alikuwa akizibika masikio mwaka hadi mwaka, na daktari alisema huenda mvua zijazo zisimkute akisikia. Katika kazi zote za bintiye hakuwa ameipenda hata moja. "Nzuri," husema, na akiitamka namna ile ujue hapana. Hilaria alitaka jambo moja tu: mama aisikie sauti yake mwenyewe ya ujana, ile ya kusagia ulezi, kabla kimya hakijamfunika.

Mwaka mzima alimrekodi, neno kwa neno, kisha akaanza kuondoa uzee sautini kidogo kidogo, kama mtu anayepepeta. Siku moja akampelekea. Mama akaegemeza sikio kwenye spika, akausikiliza wimbo mpaka mwisho.

"Anajua kuimba," akasema. "Ila huyu mwanamke hajawahi kusaga."

Hilaria alikasirika, mtu mzima na shahada zake tatu. Akatoka uani, akalisafisha jiwe la zamani la kusagia ambalo siku hizi kuku walinywea maji, akamwaga ulezi, akapiga magoti na kusukuma. Ukungu ulikuwa umeshuka ukafuta nyumba ya jirani, ukafuta na kilima. Akasukuma mpaka akaona kama Ufipa yote inakwenda na kurudi pamoja naye, na wimbo ukamtoka bila kuuita. Hapo ndipo akasikia: jiwe likienda mbele, pumzi inabanwa na neno linakatika, jiwe likirudi, neno linamalizika kwa kuchelewa. Miaka yote aliifundisha mashine koo, hakuifundisha mikono. Akaliona kosa lake, akaona aibu, akapanda basi kurudi Katandala na malengelenge viganjani.

Baada ya wiki tatu alikuwa tena Msanzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda, mwanangu."

Akaiweka spika juu ya kigoda, karibu na sikio la kushoto lililokuwa na nafuu, akabonyeza.

Sauti ikaanza kusaga. Mama Silvana hakusema "nzuri." Mikono yake ikaenda mbele na kurudi juu ya mapaja, polepole, kisha akaanza kuitikia, kwa sauti ya kitoto ambayo Hilaria hakuwahi kuisikia maishani.

"Umejitambua, mama?" akauliza kwa nguvu, machozi yakimtoka.

"Mimi?" Mama akamshangaa. "Huyu si mimi. Huyu ni mama yangu."

Bibi huyo alikufa kabla Hilaria hajazaliwa, na hakuacha hata picha. Mkono wa Hilaria ukakimbilia kwenye kitufe kwa mazoea ya kazi, ili asimamishe, aulize, apime.

"Usimzime," mama akasema. "Ulezi wake haujaisha."

Hilaria akaurudisha mkono, akaketi chini kumsikiliza bibi yake.