Damu ya Mdogo Wangu

Jana mchana, nilipojilaza baada ya kumeza kidonge changu cha moyo, niliota niko ndani ya mfupa wa paja langu, mguu wa kulia. Kumbe mle ndani ni jiko la shughuli hasa, masufuria safu kwa safu. Ndimo damu inamopikwa.

Mafiga yote yamepoa. Mpishi mkuu, mama wa makamo aliyejifunga kanga kiunoni, amekaa juu ya kinu, ameshika tama.

"Shikamoo," namwambia, maana ni mkubwa kwangu ingawa yumo ndani yangu.

"Marahaba, Saumu. Umechelewa. Chembe nyeupe, wale askari wa mwili, hatujapika mwezi mzima. Wamebaki watatu, na mmoja kaenda kuswali."

"Nani kazima moto?"

Ananionyesha kwa kidevu. Kidonge changu kimekaa mkekani, kinakunywa chai kwa adabu.

"Mimi nimetumwa kusaidia moyo," kinasema. "Na moyo si unadunda vizuri? Huku napita tu. Ila nikipita, moto unazimika. Ndiyo maana daktari alikwambia upimwe damu kila wiki mbili, nikamatwe mapema."

Jamani! Mara mfupa unakuwa maabara ya zahanati, na kwenye benchi amekaa mdogo wangu Mwanakombo, anatolewa damu kwa jina langu. Ni mimi niliyemtuma. Naogopa sindano, yeye haogopi, na kwetu ndugu hushikiana foleni. Mara tatu kanishikia, mpaka kwenye sindano.

Bomba la sindano linanigeukia. "Damu nzuri hii," linasema. "Hongera. Si yako."

Nyuma yangu mlango wa mwili uko wazi, hauna mlinzi. Vijidudu vya maradhi vinaingia, vinavua viatu kama wageni. "Hodi," vinasema. Nataka kuvifukuza, siwezi. Naogopa, wallahi naogopa.

Nikaamka. Mwanakombo alikuwa kasimama mlangoni, kadi yangu ya kliniki mkononi.

"Dada, nakwenda kukutolea damu. Nikununulie nini sokoni?"

Kabla ya kumjibu nikameza mate. Koo likaniuma kama nimemeza mwiba wa samaki, na ulimi ukagusa kidonda ndani ya shavu. Asubuhi hakikuwepo.

"Nipe hiyo kadi," nikasema. "Leo nakwenda mwenyewe."